Nani Aliyemvunja Simba Mguu?



Wale waliozoea kutukuta na masomo ya Dominika watuwie radhi juma hili, kwa kuwa tunaloleta ni habari ya mbwa. Tumeichelewesha kwa muda mrefu, na kilichotuchelewesha ni aibu. Mambo haya yalitokea katika Kwaresima ya mwaka 2024, hapa Kaole, na aliyeumizwa nayo kuliko wote hakuwa mbwa.

Simba tuliletewa na rafiki yetu wa Dar es Salaam mwanzoni mwa Desemba 2023, akiwa na umri wa majuma 8. Ni chotara: mama yake ni mbwa wa Kijerumani, wale wenye masikio yaliyosimama, baba hajulikani. (Jina alikuja nalo, hatukumpa sisi. Katekista wetu, ambaye ni mshabiki wa Yanga, hadi leo humwita "wewe" tu.) Nyumba yetu imejitenga kidogo na makazi ya watu, kando ya njia inayotoka Bagamoyo mjini kuja kwenye magofu, mwendo wa kilomita 5 hivi, na wezi walikuwa wamekwisha kutung'olea betri ya gari mara 2. Tulihitaji mlinzi mwenye pua. Tukapewa mtoto, na mtoto sharti alelewe.

Tukamlea kwa bidii, pengine kwa bidii iliyozidi maarifa. Tulikuwa tumesoma mahali kwamba mfupa humtoboa mbwa utumbo, basi tukapiga marufuku mifupa ya kila namna. Mpishi wetu aliagizwa kununua steki na maini, kuvichemsha, kuvikatakata na kuvichanganya na ugali wa sembe. Vichwa vya samaki, ambavyo huku pwani havina thamani, tulikataza visimkaribie kwa kuhofia miiba. Mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kikwere, aliitazama sahani ile akasema kwamba yeye hajala maini tangu Idi iliyopita. Tulicheka sote, ingawa yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Simba akanenepa, manyoya yakang'aa, na wageni waliofika walimsifu. Alipotimiza miezi 3 tukamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa, tukaona tumemaliza yote yatupasayo.

Mwanzoni mwa Februari alianza kuchechemea. Asubuhi aliamka amekunja mguu wa mbele wa kushoto. Akiuzunguka ua mara mbili tatu mguu ulinyooka kidogo, na jioni hali ilirudi palepale. Tulimlaza chali tukamkagua katikati ya vidole kwa tochi: hakuna mwiba, hakuna funza, hakuna kupe, hakuna hata kipande cha kombe, ambacho hapa Kaole humchoma kila apitaye pekupeku karibu na mikoko. Tukamkanda kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Siku 10 zikapita bila nafuu.

Hapo mlinzi wetu akatoa neno. "Padre," alisema, "huyu mbwa ana matege." Tukamweleza mzee kwa upole kwamba matege ni ugonjwa wa watoto wa binadamu. Tulisoma falsafa na teolojia seminarini kwa miaka mingi, na tulimjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. Mzee akasema, "Haya, Padre," akaenda zake kuwasha taa ya lango.

Kosa lililofuata tulilitenda kwa mikono yetu. Tukiwa na vidonge vya diklofenaki tulivyoandikiwa kwa ajili ya mgongo wetu, tulimpa Simba nusu kidonge ndani ya kipande cha ini, siku 2 mfululizo. Siku ya 3 alitapika na kukataa chakula. Baadaye daktari alitukemea bila kutuhurumia, na alikuwa na haki: dawa za maumivu za binadamu, kama diklofenaki na ibuprofeni, huweza kumchimba mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo kwa kiasi ambacho mtu mzima hakihisi kabisa. Tunaliandika hili kwa sababu tunajua wengi mnafuga, na katika kila nyumba kuna droo yenye vidonge vilivyobaki.

Sasa tufike kwenye aibu yenyewe.

Njia ya mbele ya nyumba yetu hupitwa na watoto waendao madrasa alasiri. Simba huwabwekea. Baadhi yao huogopa, na baadhi huokota mawe. Kijiji chetu kwa sehemu kubwa ni cha Waislamu, na watu wa pwani, walio wengi katika madhehebu ya Shafii, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Nguo au chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo mtoto aendaye chuoni na kanzu safi ana sababu yake ya kutotaka kurukiwa na mbwa, nasi tulilijua hilo. Lakini siku moja mpishi alimwona kijana wa miaka kama 11 amesimama karibu na uzio wetu na jiwe mkononi. Akatuambia. Tukaunganisha jiwe na mguu, tukapata mkosaji.

Ilikuwa siku chache tu baada ya Jumatano ya Majivu, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe 14 Februari. Tulikwenda nyumbani kwa kijana yule jioni, majirani wakiwa barazani, tukapiga hodi, tukakaribishwa vizuri. Hatukuuliza, tulieleza. Tulisema kwamba mbwa wetu amevunjwa mguu kwa jiwe na kwamba mwanao ameonekana. Kijana akasema alilishika jiwe kwa sababu ya hofu na hakulirusha. Baba yake, mvuvi, alituomba radhi mbele za watu. Tulipokuwa njiani kurudi tulisikia fimbo, na tulisikia kilio cha mtoto. Tulijiambia kwamba malezi ya nyumba ya mtu hayatuhusu. Tukaendelea kutembea.

Juma moja baadaye mguu wa nyuma wa kulia nao ukaanza. Jambo hili lilipaswa kutuzindua papo hapo, maana jiwe halihami kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Lakini mtu akishamhukumu mwenzake huwa mzito kufungua tena faili, na sisi tulidhani tu kwamba Simba anauelemea mguu mzima kwa kuupumzisha mbovu.

Hatimaye tulimwita daktari wa mifugo, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Alianza kwa kutazama tu. Alimwomba mlinzi amtembeze Simba kwa kamba, kwanza polepole, kisha mbio ndogo, akituonyesha tusichokuwa tumekiona: mbwa mwenye maumivu ya mguu wa mbele huinua kichwa mguu mbovu unapokanyaga, na kukishusha unapokanyaga mzima. Kisha alimfunga mdomo kwa utepe wa bendeji akampapasa kuanzia vidoleni kwenda juu. Alikunja na kukunjua kila kiungo. Alipima joto akakuta la kawaida, akatafuta dalili za homa ya kupe, ambayo nayo huweza kuleta maumivu ya viungo, asizione. Alisema kwamba mbwa wa umbo kubwa akiwa bado mdogo huweza kuchechemea kwa sababu nyingi: nyonga isiyokaa vyema katika tundu lake, gegedu la bega lililomeguka, au maumivu ya mifupa ya ukuaji yanayohama mguu hadi mguu na kwisha yenyewe. Lakini Simba hakulia alipokunjwa viungo. Alilia pale mfupa wenyewe ulipobanwa, na alilia kwa miguu yote 4.

Akauliza, "Anakula nini?"

Tulimweleza kwa fahari: steki, maini, ugali, na mfupa hata mmoja hagusi. Daktari akanyamaza kidogo. Akatuandikia anwani ya kliniki moja ya wanyama jijini yenye mashine ya eksirei.

Tulimlaza Simba kwenye godoro nyuma ya pikapu, mlinzi akamshika kichwa, tukapita Zinga, Kerege, Mapinga, Bunju, tukimwomba dereva apunguze mwendo kwenye kila tuta. Picha ilipowekwa mbele ya taa, hata sisi tusio waganga tuliona. Mfupa wa kawaida huonekana mweupe, wenye kuta nene. Mifupa ya Simba ilikuwa kama kivuli, kuta zake nyembamba mithili ya ganda la yai. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umepinda na kuchanika upande mmoja, kama kijiti kibichi kinavyofanya kikikunjwa bila kukatika. Wa nyuma vivyo hivyo. Daktari wa pale alisema kwamba kuruka kutoka ngazi ya baraza kunatosha kuvunja mfupa wa namna hiyo. Hakuona alama yoyote ya pigo.

Mlinzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakusema neno. Tunamshukuru kwa hilo.

Maelezo tuliyopewa ni haya. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, kiasi cha sehemu 1 ya kalsiamu kwa takriban 20 za fosforasi. Maini yana uwiano mbaya zaidi. Mbwa anayekua huhitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo, au angalau ilingane nayo. Ugali hauongezi kitu, maana mahindi nayo yana fosforasi tele na kalsiamu haba. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi ndogo zilizo shingoni huamuru mwili uikope kutoka katika mifupa, kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kungoja. Mwili hukopa kila siku, na deni halilipwi. Kwa nje mbwa ananenepa na kung'aa, na ndani anabomoka.

Tulibisha kidogo. Na jua je? Bagamoyo haina uhaba wa jua, na kila mama aendaye kliniki ya watoto huambiwa kwamba jua hujenga mifupa kwa vitamini D. Tukajibiwa kwamba ngozi ya mbwa, tofauti na yetu, haiwezi kutengeneza vitamini hiyo kwa kiasi cha kumtosha, hata ashinde juani. Ni lazima aile.

Tuliporudi tulikaa na mambo haya usiku kadhaa, tukasoma. Kumbe wengine walitutangulia katika kosa hili. Mwaka 1889 daktari wa upasuaji John Bland-Sutton aliulizwa na bustani ya wanyama ya London kuhusu watoto wa simba waliokuwa wakipinda miguu na kufa, uzao baada ya uzao, ilhali walilishwa nyama safi isiyo na mafuta. Aliagiza wapewe mifupa iliyosagwa, maziwa na mafuta ya ini la samaki, na wakapona. Mnamo mwaka 1918 na 1919 Mwingereza mwingine, Edward Mellanby, aliwalisha watoto wa mbwa uji wa nafaka akiwafungia ndani, nao wakapata matege. Akawapa mafuta ya ini la samaki, matege yakakoma. Baadaye alionyesha kwamba ndani ya nafaka zenyewe kuna kitu kinachozuia mwili kuipata kalsiamu. Kutokana na kazi hiyo, na ya wengine waliofuata, ndipo vitamini D ikajulikana na watoto wa viwandani Ulaya wakaanza kunyooka miguu. Kwa maneno mengine, ujuzi wa matege ya watoto wa binadamu ulipatikana kwa mbwa waliolishwa uji. Mzee wetu wa lango, asiyejua jina la Mellanby wala lolote la London, alikuwa amesema kweli neno kwa neno.

Na tulikuwa tukiwaona kila siku, bila kuwatazama, wale mbwa koko wa ufukweni Bagamoyo, penye mnada wa samaki. Wana upele, masikio yamechanika, hakuna awaitaye kwa jina. Hula vichwa na miiba na dagaa waliokanyagwa mchangani. Hakuna hata mmoja tuliyemwona na miguu iliyopinda.

Matibabu yalikuwa mepesi kuliko tulivyostahili. Simba alifungiwa katika chumba cha stoo kwa majuma 6, chini sakafu isiyoteleza, asiruke wala asikimbie. Steki ilikwisha. Alipewa dagaa wakavu waliosagwa na miiba yao, samaki aliyechemshwa hadi miiba ikalainika, na unga wa maganda ya mayai kwa kipimo cha daktari; kijiko kimoja cha chai cha unga huo kina takriban gramu 2 za kalsiamu. Tulionywa tusizidishe, kwa kuwa kalsiamu ikipita kiasi nayo huharibu ukuaji wa mbwa mkubwa. Na ile habari ya mifupa kutoboa utumbo haikuwa uongo mtupu: mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, hukatika vipande vikali, na hadi leo hatumpi. Tulikuwa tumeshika nusu ya shauri tukaliita shauri zima.

Habari za eksirei ya mbwa zilienea parokiani kabla hatujashuka garini. Dominika iliyofuata mama mmoja wa jumuiya alitungoja nje ya sakristia. "Baba Paroko," alisema bila ukali, "mbwa amepigwa picha. Mimi mgongo wangu unasubiri picha tangu mwaka jana." Tulimweleza kwamba fedha zile zilitoka mfukoni mwetu na si katika sadaka. Ilikuwa kweli, na wakati huohuo haikuwa jibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2418, inakataza kumtesa mnyama pasipo sababu, na papo hapo inasema haifai kumtumia mnyama fedha ambazo zingetangulia kupunguza taabu za watu. Tumewafundisha wakatekumeni namba hiyo mara nyingi, hasa nusu ya kwanza. Jumanne yake tulimpeleka mama yule hospitali kwa pikapu ileile, godoro likiwa bado na manyoya, naye alilikung'uta kabla ya kukaa.

Lililobaki lilikuwa nyumba ya mvuvi. Tuliahirisha. Tulijiambia kwamba mwezi wa Ramadhani, ulioanza Machi 12, si wakati wa kuwasumbua watu. Kisha tukajiambia tungoje Pasaka. Mpishi wetu ndiye aliyetuuliza jikoni, huku akitwanga maganda ya mayai, kama kijana wa watu ameambiwa. Tukavaa viatu.

Tulifika baada ya futari, tukaomba majirani waliokuwapo mara ya kwanza waitwe, maana tulichokisema tulikisema mbele yao. Babu wa kijana alikuwa barazani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, Padri. Karibu." Tulieleza yote: mifupa, steki, picha, miguu 4. Tulisema kijana hakurusha jiwe na sisi tulimsingizia. Baba yake alitazama chini. Babu alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sisi mbwa tunaepuka mate yake, kwa ajili ya swala. Kumpiga hatukuambiwa. Huyu mtoto alisema hivyo siku ile, na wewe ulikuwa umekaa hapo hapo ulipokaa." Akatusimulia habari inayojulikana kwa Waislamu wote, ya mtu aliyeshuka kisimani akachota maji kwa kiatu chake kwa ajili ya mbwa mwenye kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Alisimulia polepole kama anayemfundisha mtoto wa chuo. Tukakaa tukafundishwa.

Kisha tukamgeukia kijana tukamwomba radhi. Aliangalia mlango. Baba yake akamwambia ajibu, babu akamkataza asimlazimishe. Tuliletewa kahawa na tende, tukanywa, tukaaga.

Simba sasa ni mbwa mzima. Anakimbia, analinda, betri ya gari ipo. Mguu wa mbele wa kushoto umebaki na kiungo kilichopinda nje kidogo, na siku za masika, baridi ikishika, huamka akiuburuta. Dagaa wake tunanunua kwa yule mvuvi, ambaye hatupunguzii bei, nasi hatuiombi. Uzio tumeuzibia upande wa njia kwa makuti ili watoto wapite bila kubwekewa usoni. Kijana yule amekua kimo. Hupita bado upande wa pili wa njia, na salamu yetu huitikia akiwa amekwisha kutupita.